Baiskeli za mlimani za bei mbaya: ipi inalipa ukiwa Arusha?

Kila nikipita Sakina na baiskeli lazima atokee mtu aulize "kaka hiyo kitu bei gani?" na jibu langu ni moja miaka yote, laki tano. Nikisema ukweli litatokea moja kati ya mawili, ataniona muongo au atanifuata mpaka nyumbani. Ukweli ni kwamba hii ninayoendesha sa hivi ilikuwa dola elfu tatu na kitu ilipokuwa mpya dukani Ulaya, mi nimeichukua mkononi kwa mgeni kwa chini ya nusu ya hapo, na hata hiyo nusu mama watoto hajaijua mpaka leo, kwa hiyo msinitafutie kesi.

Kazi yangu ni kuongoza wageni kwa baiskeli, Mto wa Mbu, Monduli, huku kwenye kahawa chini ya Meru, mara mojamoja Lushoto wakilipa vizuri. Wageni wengi wanapanda za kampuni lakini wapo wanaokuja na zao kwenye maboksi, na usiku wao wakilala mimi ndo nazipangusa, nazipaka mafuta cheni, asubuhi naomba niizungushe kidogo "nione kama gia zimekaa sawa". Kwa hiyo nimepanda Santa Cruz, nimepanda Yeti, Specialized, Trek, Canyon, Commencal, Giant sijui ngapi, vitu ambavyo kwa mshahara wangu ningeviona kwenye simu tu. Na washkaji wakitaka kununua za mgeni anayeondoka huwa wananipigia mimi, "mzee hii anataka milioni nne, nimpe?"

Sasa hapo ndo pa kuongelea. Maana maoni mengi mnayosoma kuhusu hizi baiskeli yameandikwa na mtu wa Colorado au Wales, ana duka la baiskeli dakika kumi kutoka kwake, kikiharibika kitu anaagiza leo kesho kutwa kipo mlangoni. Yeye akisema hii inalipa na ile hailipi anapiga hesabu yake ya huko. Ukiileta ile hesabu huku inageuka kichwa chini, na mimi imenichukua muda na hela kulielewa hilo.

Tuanze na bei yenyewe. Baiskeli ya juu kabisa ya Specialized, zile zinaandikwa S-Works, au Santa Cruz yenye kila kitu cha juu, unaongelea zaidi ya dola 10,000. Hiyo ni kama milioni 25 za kwetu, kiwanja cha maana hicho, na baiskeli haina hata injini. Lakini fremu ileile au inayokaribiana nayo sana unaipata kwenye baiskeli ya dola elfu nne na nusu au tano ya kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo ile elfu tano iliyobaki umelipia vifaa vilivyoning'inizwa kwenye fremu, na kaboni (malighafi nyepesi ya fremu) iliyo nyepesi zaidi kidogo, na jina.

Mfano mzuri wa hili ni Santa Cruz wenyewe, na nawasifu kwa kuwa hawafichi. Wana kaboni mbili, moja wanaiita C nyingine CC. Wanakwambia kabisa uimara ni uleule na ugumu ni uleule, tofauti ni uzito, ile ya C inazidi kama robo kilo. Robo kilo! Hiyo ni chupa ndogo ya maji, ukinywa maji njiani Kisongo umeshakuwa na CC. Nimewahi kumwambia mgeni mmoja hivyo akacheka halafu akanyamaza, maana yeye alikuwa na CC.

Kwenye vifaa ndo kuna mchezo mkubwa zaidi. Chukua foki (ule uma wa mbele wenye saspensheni) za Fox, zile zenye miguu ya rangi ya dhahabu ambazo kila mtu anazitamani. Ile dhahabu inaitwa Kashima, ni mpako wa kampuni ya Japani, na unakuja kwenye daraja lao la juu la Factory. Ila chini yake kuna Performance Elite, miguu myeusi, na ndani dampa ni ileile. Ndani ndo kwenye kazi bwana, dampa ndo inayoamua ukigonga jiwe mkono unaumia au hauumii. Huo mpako unapunguza msuguano, sibishi, lakini mimi nimepanda zote mbili kwenye njia moja siku moja, kushuka kutoka Monduli Juu, na kama ningefumbwa macho nisingejua ipi ni ipi (ningejua tu nimeshaanguka). Ukishuka zaidi, Performance ya kawaida yenye dampa ya GRIP ya zamani, hapo unaanza kusikia tofauti ukiwa mzito au unashuka kwa fujo, lakini ile dampa ni rahisi na ngumu kufa, na kwa vumbi letu kitu rahisi nakipa maksi mbili za bure.

RockShox, wapinzani wa Fox, nao hivyohivyo, kutoka chini kwenda juu ni Select, Select+, Ultimate. Mi nasema ukipata Select+ au Ultimate mtumba chukua, mpya ya bei ya juu usihangaike nayo. Lakini sikiliza hapa, maana watu wengi hawajui kabisa, foki inataka huduma. RockShox wanasema kila masaa 50 fungua miguu ya chini, safisha, weka mafuta mapya. Masaa 50 kwa mtu wa wikiendi huko Ulaya ni miezi kadhaa. Kwangu mimi ni wiki mbili na siku chache za msimu! Fox wenyewe wanasema masaa 125 au mwaka kwa huduma kubwa. Nimefungua foki za wageni ambao wamenunua baiskeli ya milioni 20 na hawajawahi kuifungua tangu inunuliwe, ndani mafuta yameisha, kumebaki uji mweusi. Foki ya milioni tatu ikiwa kavu inafanya kazi vibaya kuliko foki ya laki nne iliyopakwa mafuta jana. Hilo nalijua kwa mikono yangu.

Gia ndo sehemu ambayo ukilipia zaidi unachoongezewa ni kidogo mno, nazungumzia gia za Shimano kwanza. Deore ya spidi 12, ile iliyotoka 2020, ndo kitu chenye thamani kuliko vyote kwenye baiskeli za leo, naweka saini. Inabadilisha gia vizuri, inabeba kaseti (lile rundo la meno la gurudumu la nyuma) ya 10 kwa 51 sawa na ndugu zake wakubwa, na diraila yake, kile kinachohamisha cheni, bei ni sehemu ndogo tu ya ile ya XTR, daraja lao la juu kabisa. Na XTR ikipigwa na jiwe inavunjika kama Deore tu, jiwe haliulizi jina. Mimi nikipewa baiskeli yenye XT, daraja la chini ya XTR, kila mahali nachofanya nikiharibu diraila narudisha ya Deore, na shifta ya XT naiacha maana ndo unayoisikia kwenye kidole, zinaelewana bila shida. SLX ipo katikati na haina kosa lolote, sina cha kuongeza.

SRAM, washindani wa Shimano, hadithi yake ni ndefu kidogo. Watu wanaidharau NX, seti yao ya gia za bei ya chini, kwa sababu ni nzito, na ni kweli nzito, kaseti yake ukiishika unaona kabisa hapa kuna chuma. GX juu yake ni nyepesi na ina jino la 10 na 52. Ukimuuliza mtu wa Ulaya atakwambia usinunue kabisa baiskeli ya bei yenye NX, umeibiwa, kampuni imeweka pesa kwenye fremu ikakubania kwenye gia. Sawa, kwa huko. Lakini NX inakaa kwenye friihabu (ule mtungi wa gurudumu la nyuma unaobeba kaseti) ya kawaida ya zamani, ile meno yake yanafanana na baiskeli za miaka mingi nyuma, wakati GX inataka friihabu ya aina yao ya XD na Shimano ya spidi 12 inataka ya kwao inaitwa Micro Spline. Sasa siku friihabu yako imekufa upo Karatu, ipi utaipatia spea? Ile ya zamani hata kwenye lundo la baiskeli za mtumba zinazoshushwa kwenye makontena utapata gurudumu linaloingia. Mimi hilo limenikuta.

Ilikuwa msimu wa Julai, nina gurudumu la nyuma la bei, zuri, jepesi, jina lake nalihifadhi. Friihabu ikaanza kuteleza, unakanyaga peda inazunguka bure. Nikaagiza bodi mpya ya friihabu kwa duka moja la mtandaoni nje, nikaandika vizuri kabisa aina ninayotaka, nikapiga na picha. Wiki saba. Baada ya wiki saba inafika, nimelipa na kodi juu, nafungua ni ya aina nyingine. Nawaandikia wananijibu nirudishe watanitumia nyingine. Nirudishe! Gharama ya kurudisha inazidi kile kifaa. Msimu mzima nikawa natembelea gurudumu zito la baiskeli ya mtumba kutoka kwenye kontena, nililouziwa elfu hamsini pale mjini, na wageni hawakujua kitu. Ile habu nzuri bado ninayo nyumbani, mtoto anaichezea kama pia.

Toka siku hiyo nikawa na swali moja tu kwa kila baiskeli, hii ikifa kitu, nitakipata wapi? Na ukiuliza hivyo majina yanapangwa upya kabisa.

Santa Cruz. Ukipiga kelele kwamba ni ghali nitakubaliana na wewe, ni ghali. Lakini tazama walivyoitengeneza. Ile sehemu ya katikati inayoshika mikono ya peda wameiweka ya kufunga kwa nyuzi, kama skrubu, karibu siku zote, hata kipindi ambacho kampuni nyingine nyingi zilikuwa zinaweka zile za kusukumizwa kwa nguvu ndani ya fremu. Za kusukumizwa zikiingia vumbi zinalia kwi kwi kwi kila ukikanyaga, na kuzitoa bila vifaa vyake ni nyundo na kuomba Mungu. Za nyuzi ni spana tu. Halafu viungo vya nyuma wanakupa beringi bure maisha yote kama wewe ndo mnunuzi wa kwanza. Hiyo ni ahadi nzuri sana na mimi haijawahi kunisaidia hata siku moja, maana mi ni mnunuzi wa pili au wa tatu, na waranti ya fremu ya maisha nayo ni kwa mwenye risiti ya kwanza. Trek hivyohivyo, Specialized hivyohivyo, maisha yote kwa mnunuzi wa kwanza.

Sasa mnanielewa naelekea wapi? Katika zile milioni kadhaa unazolipa zaidi kwa majina ya dukani, fungu kubwa linakwenda kwenye waranti na kwenye lile duka lenyewe, kijana mwenye aproni anayekuhudumia bure mara ya kwanza. Mzungu anapata hicho alicholipia. Sisi tukinunua mpya kwa bei ileile tumelipia huduma iliyopo bara jingine. Tukinunua mtumba hiyo sehemu ya bei inakuwa imeshakufa, na ndo maana kwetu mtumba wa jina kubwa una maana kuliko mpya wa jina kubwa. Na hata waranti yenyewe inaishi ikiwa kampuni inaishi, Rocky Mountain ya Kanada iliomba ulinzi dhidi ya wadai mwishoni mwa 2024, YT ya Ujerumani ikaingia kwenye taratibu za kufilisika 2025, majina ambayo miaka michache nyuma wakati wa korona watu walikuwa wanapanga foleni ya miezi kuyapata. Walitengeneza nyingi mno, watu wakarudi maofisini, maghala yakajaa. Kwa mnunuzi ilikuwa sherehe, punguzo juu ya punguzo.

Beringi nirudi kidogo maana hapa kuna siri ambayo inaokoa hela nyingi. Fulu saspensheni, yaani yenye saspensheni mbele na nyuma, ina viungo, na kila kiungo kina beringi mbili, na vumbi la Arusha jinsi lilivyo laini linaingia popote, halafu masika linageuka tope. Mwaka mmoja tu ukiishika siti na kuinyanyua unasikia inacheza, tk tk. Wenye jina wanauza seti ya beringi za fremu kwa bei ambayo inauma. Lakini ukitoa beringi ya zamani, ukaifuta kile kifuniko cha mpira, imeandikwa namba. 6902 mathalani, tundu milimita 15, nje 28, unene 7. Hiyo ni beringi ya kawaida ya dunia nzima, haijui kama ipo kwenye Yeti au kwenye mashine ya kukoboa. Mi naenda na ile mbovu mkononi kwenye maduka ya beringi mjini, naiweka mezani, naondoka na mpya. Kitu cha kuangalia ni kama pana herufi MAX, hizo zimejazwa gololi bila kile kishikizo cha ndani ili zibebe mzigo zaidi kwa kuwa kiungo cha baiskeli hakizunguki, kinacheza kidogo tu huku na huku. Hizo madukani kwetu sijazikuta, ila ya kawaida inakaa msimu mzima na zaidi ukiifungua ukaongeza grisi kabla hujaifunga. Kwa hiyo nikikagua baiskeli naangalia beringi zake ni namba za kawaida au ni kitu chao wenyewe.

Yeti hapo ndo nina mashaka nayo, na nasema kwa heshima maana kwa kupanda, jamani, ile baiskeli inapanda mlima kama imevutwa na kamba. Wana mfumo wao wa Switch Infinity waliotengeneza na Fox, badala ya kiungo cha kawaida pana kitu kinachotelezea kwenye vijiti viwili vidogo kama foki ndogo ndani ya baiskeli. Kazi yake tamu. Una sehemu za kupigia grisi kwa pampu, na ukiitunza inadumu. Lakini kijiti kile kikichubuka hakuna duka la beringi litakalokusaidia. Kwa bei yake, na bei yake ni ya kutisha, kwangu ni baiskeli ya kuazima na kurudisha.

Giant ndo naona watu wanaikosea adabu. "Aah Giant ni ya kawaida." Kawaida nini? Hawa Wataiwani wameanza 1972, kabla ya jina lao kujulikana walikuwa wanawatengenezea Wamarekani baiskeli, Schwinn ilikuwa inatoka kwao. Wenzao Merida, Wataiwani pia, mwaka huohuo 1972, hao wana hisa kubwa ndani ya Specialized tangu 2001. Yaani unapolipia jina la Kalifornia, mjue mwenye kiwanda naye yumo mezani. Giant akiuza baiskeli yake halipi kiwanda cha mtu, ndo maana ukilinganisha bei kwa bei unakuta Giant ana foki bora daraja moja au gia bora daraja moja kuliko Trek au Specialized wa bei hiyo. Stance yao ya aluminiamu, ile ya bei ya chini ya fulu saspensheni, nyuma haina kiungo kule karibu na ekseli, fremu yenyewe inapinda kidogo kwa makusudi, viungo vichache, beringi chache. Kwa kazi ya kukodisha wageni mi ningechukua kumi za hizo kabla sijachukua tatu za Trance, ingawa Trance ndo baiskeli kwelikweli ya kushukia. Ubaya wa Giant ni kwamba mtumba wake unauzwa bei ya chini, ambao kwa mnunuzi ni uzuri.

Specialized na Trek nawapitia harakaharaka. Wote baiskeli safi, wote unalipia duka. Specialized wana heshima yao ya historia, Stumpjumper ya 1981 ndo iliyotoa baiskeli ya mlimani kwa watu wa kawaida, kabla ya hapo ilikuwa ya kuungaunga kwa mafundi wa Kalifornia. Aluminiamu zao ni nzuri kuliko watu wanavyozisema, Stumpjumper ya aluminiamu iliyotumika miaka mitatu ni kitu cha kukimbilia. Za kaboni za juu waachie wenye nazo.

Canyon, hawa Wajerumani wa Koblenz, hawana duka, wanakutumia boksi moja kwa moja, na zile hela za duka zinarudi kwenye vifaa. Kwenye karatasi hakuna anayewashinda, kwa bei ya Trek yenye Deore unapata Canyon yenye XT na foki nzuri. Kwa mtu wa Ulaya nasikia wanalalamika hakuna wa kuwatengenezea, "lazima ujifanyie mwenyewe." Sasa ndugu zangu, sisi tangu lini tulikuwa na wa kututengenezea? Ile kasoro yao kubwa kwetu si kasoro, ni maisha ya kila siku. Kwa hiyo Canyon mpya au ya mwaka mmoja ikija na mgeni, na spea zake za fremu kama kile kipande kinachoshika diraila akaja nazo mbili tatu za ziada, hiyo ni dili. Bila hizo za ziada, punguza bei.

Na Commencal. Hapa nakiri nina upendeleo. Kampuni ya Andorra, kale kanchi kadogo kati ya Ufaransa na Uhispania, wameamua kutengeneza za aluminiamu, wanauza moja kwa moja kama Canyon, na baiskeli zao zinashinda mashindano makubwa ya kushuka. Ni nzito. Meta yao ukiipandisha Ilboru juani utajua ni nzito. Lakini nimeona moja imeanguka kutoka juu ya gari, kamba ililegea njiani kurudi kutoka Mto wa Mbu, ikabiringika lami (kosa letu, sio lao), ikapata mchubuko wa urefu wa kidole na kesho yake ikafanya kazi. Kaboni ikianguka hivyo hulali usingizi hata kama haioneshi ufa, maana ufa wa ndani huuoni, na wa kuipima huku hakuna. Ingawa tuelewane, aluminiamu nayo ikikatika usiende kwa mchomeleaji wa mageti. Fremu nyingi za aluminiamu hupikwa kwa joto kiwandani baada ya kuchomelewa ili ziwe ngumu, na huyo wa mageti akiipiga moto pale pembeni ya kiungo panakuwa laini, utaendesha wiki mbili ikatike ukiwa kwenye mteremko.

Breki nisiache maana nimechekwa kwa maoni yangu. Dunia nzima inasifu Shimano, na kweli zinashika vizuri na hazisumbui kuzitoa hewa. Lakini zinatumia mafuta yao ya madini, na mafuta hayo huku hayapo, mi naletewa na wageni kwenye vichupa. Za SRAM nyingi, Guide, G2, Code, zinatumia DOT, na DOT 4 ipo kila duka la spea za magari kuanzia Namanga mpaka Mbeya. Inanyonya unyevu, lazima uibadilishe mara kwa mara, inaunguza rangi ikidondoka, lakini ipo. Angalieni tu kwamba SRAM nao wameanza kuhamia mafuta ya madini, DB8 na Maven ni hivyo, usije ukamwagia DOT humo ukaua mipira yote.

Tairi, kwa kifupi, usikubali tairi za ubavu laini. Miiba ya migunga haina huruma, ubavu wa EXO wa Maxxis kwa huku nauona mwepesi, chukua EXO+ au zaidi, ondoa tyubu, mwaga silanti (yale majimaji ya kuziba matundu) ya kutosha na ongeza kila miezi miwili maana joto linaikausha. Wageni wengi wanapenda Assegai mbele, ile aliyoibuni Greg Minnaar wa Afrika Kusini akaipa jina la mkuki, inashika ardhi balaa ila kuipandisha mlima ni kama kuna mtu amekushika shati.

Gia za umeme za SRAM zisizo na waya nimezipanda sana mwaka huu, wageni wamehamia huko. Zinabadilisha vizuri hata ukiwa umekanyaga kwa nguvu zote mlimani, hii mpya inayofungwa moja kwa moja kwenye fremu bila kile kipande cha kuvunjika imegongwa mbele ya macho yangu kwenye jiwe la Longido na ikaendelea. Nilidhani nitaichukia. Ila betri mgeni akiisahau hotelini siku imeisha, mimi ndo naishia kusukuma baiskeli yake.

Basi mtu ananiuliza, nina milioni nne mpaka tano, nifanyeje? Kwanza usinunue kaboni mtumba kama huijui historia yake. Tafuta aluminiamu ya miaka mitatu minne, Stumpjumper, Fuel EX ya Trek, Trance, Meta, Spectral ya Canyon, yenye foki daraja la kati na Deore au SLX au hata hiyo NX mnayoidharau. Inua siti usikilize kama inacheza. Geuza baiskeli uangalie miguu ya foki kwa kucha, ukisikia mkwaruzo pita njia yako, sili haitadumu hapo. Muulize mgeni foki imefunguliwa lini mara ya mwisho, halafu usimwamini. Toa laki tatu kwenye bei kwa ajili ya beringi na mafuta, mwambie kabisa ni za nini, wengi wanakubali maana kurudi nalo lile boksi uwanja wa ndege ni kero na gharama yake.

Yangu mimi ni Commencal, kama mlishahisi. Juzi nimeibadilisha beringi zote za nyuma kwa elfu sitini na kitu, nikazunguka nayo Ngaramtoni jioni, kimya kabisa. Pale kwenye kona ya maduka dogo mmoja wa bodaboda akaniuliza bei. Nikamwambia laki tano. Akaiangalia, akaikagua na shokapu, akasema "kaka mbona umepigwa, pikipiki mtumba si ungeongeza kidogo tu."